Pikipiki ya Mgeni na Hesabu ya Kijana wa Nansio

Mtu ashukaye melini katika bandari ya Nansio, kisiwani Ukerewe, hupokewa kwanza na vijana wa pikipiki. Kabla hajautua mzigo wake amekwisha kuulizwa mara tatu aenda wapi. Akiwa mwenyeji, hupatana nauli akaenda zake. Akiwa mgeni aliyekuja kutazama nchi, mazungumzo huwa marefu kidogo: je, apakiwe na kijana kutwa nzima, au akodishwe pikipiki aiendeshe mwenyewe na kuirudisha jioni? Jambo hili laonekana dogo, na ni nadra kulisikia likizungumzwa katika mikutano. Sisi twaliona kuwa kubwa, kwa kuwa ndani yake mna riziki ya kijana, uhai wa msafiri, na heshima ya kisiwa kizima. Ndiyo sababu leo twalitolea maoni.

Kwanza yafaa tukitambue kisiwa chenyewe. Ukerewe si jabali la kupumzikia ndege. Eneo lake ni kilomita za mraba 530 hivi. Hakuna kisiwa kikubwa kuliko hicho katika Ziwa Viktoria, wala katika ziwa lingine lolote la Afrika. Hata Ijwi ya Ziwa Kivu hukifuata kwa mbali. Wilaya ya Ukerewe, pamoja na Ukara na visiwa vingine vidogo, ilikuwa na watu 345,147 kwa sensa ya mwaka 2012. Wengi wao ni wakulima na wavuvi: hulima mihogo, viazi vitamu, mpunga na michungwa, na hutega dagaa usiku kwa taa. Anayetaka kuiona nchi hii kwa miguu atahitaji juma zima. Anayetaka kuvusha gari lake kwa kivuko cha Kisorya na Rugezi, au kutoka Mwanza, atalipa fedha nyingi kwa chombo ambacho hakitaingia katika njia nyembamba zipitazo mashambani. Baiskeli yafaa sana, lakini yataka kifua na magoti ya ujana. Hapo pikipiki ndogo hupata nafasi yake: hula petroli kidogo, hupita penye njia ya mbuzi, nayo husimama popote mtu anapotaka kusalimu.

Basi na ieleweke mapema kwamba sisi hatumo katika kundi la wanaoilaani pikipiki. Wapo waungwana wasemao kwamba chombo hiki ni cha wahuni na kwamba vijana wakiendeshao ni watu walioshindwa na maisha. Maneno hayo si ya haki. Jina la bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, pale wenye baiskeli walipokuwa wakiwavusha watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Huku kwetu Kanda ya Ziwa baiskeli za abiria zilikwisha kuzoeleka kabla pikipiki za bei nafuu kutoka China na India hazijaenea. Ilipofika mwaka 2010 Serikali ya Tanzania ilitunga kanuni za kuzitambua pikipiki na bajaji kuwa vyombo halali vya kuchukua abiria. Leo, katika vijiji ambavyo basi halifiki, ni pikipiki impelekayo mama mjamzito zahanati, imfikishayo mwalimu shuleni, na ishushayo magunia ya dagaa bandarini. Anayeidharau kazi hiyo na aeleze ni nani mwingine atakayeifanya.

Wala hatuoni kosa mtu kwenda kutembea. Wahenga walisema tembea uone. Twauliza: katika wafanyakazi wa mji wa Mwanza, wale wa viwanda vya samaki, wa bandari, wa reli na wa maofisi, ni wangapi waijuao Ukerewe? Kila siku huiona meli ikiondoka kuelekea kaskazini, na safari yenyewe ni ya saa tatu hivi. Lakini wengi huzeeka wakiwa na habari za miji ya Ulaya kuliko za nchi ionekanayo kwa macho ng'ambo ya maji yao. Mzungu atoka London na kulipa nauli ya maelfu ya maili ili akione kisiwa hicho. Sisi tulio jirani twasema hatuna nafasi. Likizo ya mfanyakazi ni haki iliyopiganiwa. Haikupiganiwa ili ilalwe yote kitandani.

Naye atakayevuka hatakosa cha kuona. Njiani kati ya Nansio na Bugolora, pale Bukindo, lipo jumba la Omukama Gabriel Ruhumbika, lililojengwa katika miaka ya 1920, linalokumbusha kwamba Ukerewe ilikuwa dola yenye mpango wake wa utawala kabla na wakati wa wageni. Akifika Kagunguli na aulize habari za Aniceti Kitereza, mwana wa kisiwa hicho aliyesoma kwa wamisionari. Kitereza aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya maisha ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945. Miaka 35 ilipita pasipo mtu kuichapa. Yeye mwenyewe aliitia katika Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 akiwa mzee wa miaka themanini na mitano hivi. Mgeni apitaye Kagunguli kwa mwendo wa kasi, vumbi likitimka nyuma yake, amepita mlangoni mwa mmoja wa waandishi wakubwa wa Afrika bila kubisha hodi.

Avukaye kutoka Bugolora kwenda Ukara ataona ajabu nyingine, nayo si ya mawe wala ya mandhari. Wakara ni wengi mno kwa ardhi waliyo nayo, na udongo wao si wenye rutuba nyingi kwa asili. Hata hivyo, tangu zamani za babu zao, kabla bwana shamba yeyote hajatumwa kwao na serikali ya kikoloni, waliigundua njia ya kulima shamba lile lile mwaka baada ya mwaka pasipo kulichosha. Ng'ombe wao huwafungia ndani mashimoni, huwakatia majani, kisha samadi yote huibeba kichwani hadi shambani. Katikati ya uwele hupanda mimea ya kurutubisha ardhi, wakaifukia ingali mibichi. Miteremko wameizuia kwa kuta za mawe. Miti ina wenyewe, na majani ya kandokando ya ziwa hupandwa na kumwagiliwa kwa ajili ya mifugo. Wataalamu wa kilimo wa mataifa walikuja Ukara kujifunza, wakaandika vitabu. Je, si aibu kwamba mfanyakazi wa Mwanza azijue habari hizo kwa kuambiwa na mtalii?

Hayo ndiyo mema ya safari. Sasa tuugeuzie uso upande wa pili, kwa kuwa mhariri asifuye tu huwa amewanyima wasomaji wake nusu ya kweli.

Kijana ampakiaye mgeni pale Nansio, mara nyingi pikipiki si yake. Iko mali ya mtu mwingine, pengine mfanyabiashara aliye Mwanza, ambaye kijana hamwoni ila kwa simu. Kila jioni kijana hana budi kupeleka hesabu, yaani fedha iliyokwisha kupangwa, ikiwa amepata abiria au hakupata, mvua ikinyesha au isinyeshe. Wengine wako katika mkataba: hulipa hesabu kwa mwaka mmoja au zaidi, na wakimaliza chombo huwa chao. Mkataba ni bora kuliko hesabu ya milele, hilo twakiri. Lakini aghalabu hakuna karatasi. Kijana akiugua majuma mawili, au pikipiki ikiharibika kabla ya mwezi wa mwisho, mwenye mali aweza kuichukua, na jasho la miezi kumi likawa limepotea kana kwamba halikutoka.

Fikirini basi hali ya kijana huyo anapotokea mgeni mwenye fedha, asemaye: nipe pikipiki niende peke yangu, nitakulipa hesabu ya siku mbili kwa siku moja. Kijana atakataa? Hawezi. Atatoa ufunguo, tena pengine bila kumwarifu bosi wake. Hatamwuliza mgeni cheti cha kuendesha, kwa kuwa swali hilo laweza kuiharibu biashara. Hatampa kofia ngumu, kwa kuwa hana, au anayo moja iliyokatika mkanda. Hakuna kitu kitakachoandikwa. Watapeana mikono, na mgeni ataondoka akiyumba kidogo, kama wafanyavyo wote waliojifunza chombo asubuhi hiyo hiyo.

Akirudi salama, kila mtu amefaidi. Asiporudi salama, ndipo mambo yote yaliyofichwa hufunuliwa. Bima ya pikipiki nyingi ni ile iitwayo bima ndogo. Hiyo humfidia mtu mwingine aliyeumizwa na chombo. Haimlipi mwenye chombo kwa chombo chake kilichovunjika, wala haimtibu dereva aliyeanguka mwenyewe. Na pale aliyeendesha hana leseni ya pikipiki, kampuni ya bima itakuwa na neno la kusema hata juu ya fidia hiyo. Kwa hiyo gharama humrudia mnyonge kuliko wote: kijana ambaye hakuwepo, hakuendesha, na hamiliki chochote ila deni la pikipiki iliyokunjamana.

Tena, kisiwa si bara. Jambo hili twaomba lizingatiwe sana. Mtu akipasuka kichwa katika barabara ya Igoma, atafikishwa Bugando, hospitali kuu ya rufaa ya Kanda ya Ziwa tangu mwaka 1971, kwa dakika chache. Akipasuka kichwa kwenye kona ya Bugolora, atapelekwa kwanza Nansio. Na ikiwa hali yake yazidi uwezo wa hospitali ya wilaya, hana budi kuvuka ziwa. Meli haiondoki kila saa, na usiku maji ni maji. Saa zile ambazo mjini zingeokoa uhai, kisiwani huliwa na safari. Kwa hiyo kofia ngumu, ambayo bara ni kinga ya kwanza, kisiwani yakaribia kuwa kinga ya pekee. Mapitio ya tafiti za nchi nyingi yameonyesha kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa kadiri ya asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna dawa iliyomo katika sanduku la zahanati yoyote kisiwani iwezayo kazi hiyo kwa bei hiyo.

Watu wa ziwa hili hawahitaji kufundishwa na mgeni maana ya chombo kilichozidishwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekwisha kulikaribia jiji la Mwanza. Ilijengwa kuchukua abiria 430, na waliokufa walikaribia 900 kwa hesabu ya serikali. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara, kikitoka Bugolora. Waliokufa walikuwa 228. Wapo waliosimama ufukweni kuwapokea jamaa zao, wakawapokea maiti. Hayo hayakuletwa na tufani. Yaliletwa na desturi ya kusema: ongeza mmoja tu, ni karibu, tutafika.

Nasi twasema kwamba desturi ile ile, iliyoua mamia majini, yaendelea kuua mmoja mmoja barabarani. Abiria wawili au watatu juu ya pikipiki moja, ule upakiaji ambao vijana wenyewe wauita mshikaki kwa mzaha, ni MV Bukoba ndogo yenye magurudumu mawili. Mgeni akodishaye pikipiki na kumpakia mwenzake na begi la mgongoni, pasipo leseni wala kofia, ameingia katika desturi hiyo hiyo kwa mlango wa starehe. Tofauti ni kwamba maiti wengi hutangaziwa maombolezo ya taifa, na maiti mmoja hutangazwa msikitini au kanisani kwake tu.

Visiwa vingine duniani vimekwisha kukutana na shida hii. Bermuda, katika Bahari ya Atlantiki, ilikataza magari ya moto tangu mwaka 1908 hadi 1946. Hata yaliporuhusiwa, kwa miaka mingi mgeni hakukodishwa gari, akawa hana budi kupanda basi, teksi au pikipiki ndogo. Hapo pikipiki ya kukodi haikuwa jambo la kichochoroni: ilikuwa biashara yenye duka, daftari na kofia. Bali, katika nchi ya Indonesia, iliiacha biashara hiyo ikue ovyo kwa miaka mingi, na wageni wakazoea kupanda bila leseni na vifua wazi. Mwaka 2023 gavana wa Bali alifikia hatua ya kutaka wageni wakatazwe kabisa kukodi pikipiki. Karibu zaidi na sisi, Unguja, ambako vespa imependwa na wenyeji tangu zamani, mgeni akodiye hutakiwa kuwa na kibali cha kuendesha, na askari humsimamisha njiani kukiuliza. Tunajifunza nini? Kwamba mahali palipowekwa utaratibu mapema, watu hula matunda. Na mahali palipochelewa, hubaki kuchagua kati ya fujo na marufuku. Ukerewe ingali na nafasi ya kuchagua lililo jema, kwa sababu wageni wake bado si wengi. Lakini nafasi hiyo haitangoja. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu upatao kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Foleni ya vivuko iliyowazuia wasafiri wa Geita na Kagera kuingia Mwanza imekwisha. Watu wataongezeka katika pwani hii, na sehemu yao watataka kuvuka.

Lipo pia jambo la heshima. Kisiwa si jumba la makumbusho lisilo na wenyewe. Tangu mwaka 2007 hivi, Kanda ya Ziwa ilitiwa doa na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyofanywa na waovu kwa tamaa ya mali na ushirikina. Ukerewe ni nyumbani kwa ndugu hao wengi. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo, anapoona mtu asiyemjua akisimamisha pikipiki ghafula mbele ya ua wake, akatoa kamera bila hata salamu, moyo wake huenda wapi? Mpita njia ameiona picha nzuri. Mama ameuona mwaka wa hofu ukirudi. Mgeni aliyefuatana na kijana wa pale angeambiwa ashuke, azime mashine, asalimu kwanza, na aombe ruhusa. Kijana huyo huyo angemwonya asioge kila aonapo maji matulivu, kwa kuwa kichocho kimo katika ziwa hili, na mahali pengine mamba na kiboko wamo vilevile. Elimu ya namna hiyo haichapwi katika ramani. Nayo ni mali; yastahili kulipwa.

Tumekwisha kusikia jibu litakalotolewa. Wengine watasema: mkiweka masharti mtaua riziki ya vijana; mgeni ataona usumbufu, atabaki Mwanza akatazame Jabali la Bismarck na kwenda Saanane. Twajibu kwamba mgeni hakimbii utaratibu, hukimbia udanganyifu. Kinachomchosha ni kutajiwa bei tatu na watu watatu kwa safari moja. Akikuta bei imeandikwa ubaoni, kofia mbili safi zaning'inia, na jina lake laingizwa katika daftari, atalipa kwa moyo mweupe, na atawaambia wenziwe. Wengine watasema kofia ni ghali. Ni ghali kwa kijana mmoja mwenye hesabu ya kupeleka jioni. Si ghali kwa vijana thelathini waliochanga pamoja.

Na hapo ndipo tulipokusudia kufika. Dawa ya jambo hili ni ushirika. Pwani hii haina haja ya kuagiza fikra hiyo kutoka mbali. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, waliochoka kupunjwa mizanini na wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe kusimama penye mizani na kuthibitisha uzito. Kutokana na jambo hilo dogo vilitokea vyama vya msingi, na mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuwa mojawapo ya mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika. Watu wale hawakuwa na shahada. Walikuwa na mizani na umoja.

Lakini tusiwadanganye vijana kwamba ushirika ni hirizi. Ushirika ule uliokua ulipatwa pia na magonjwa: maofisa waliozidi, hesabu zisizosomwa, fedha za mkulima zilizochelewa. Mwaka 1976 Serikali iliviondoa vyama vikuu vya ushirika nchini, na ilipofika mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Fundisho ni hili: chama ambacho mwanachama hasomewi daftari kila mwezi si chake tena, hata kama jina lake limo katika kadi.

Kwa hiyo twatoa mashauri yafuatayo kwa vijana wa vijiwe vya Nansio, Bugolora na Rugezi, kwa Halmashauri ya Wilaya ya Ukerewe, na kwa kila mwenye dhamana.

Kwanza, vijana waunde chama cha kuweka na kukopa, ambacho shabaha yake ya kwanza itakuwa kununua pikipiki kwa jina la wanachama, moja baada ya moja, mpaka hesabu ya jioni ibaki kisiwani.

Pili, mkataba wowote kati ya mwenye pikipiki na kijana uandikwe, ushuhudiwe na ofisa mtendaji wa kata, na useme waziwazi nini kitatokea kijana akiugua au chombo kikiharibika.

Tatu, pikipiki za kukodishwa kwa mgeni zitengwe na ziwe na alama. Hizo zikaguliwe breki, taa na magurudumu na fundi aliyechaguliwa na chama, na zikatiwe bima inayolingana na kazi yenyewe, wala si bima ndogo peke yake.

Nne, kila pikipiki iwe na kofia mbili, na hakuna ufunguo utakaotolewa kwa mtu asiye na leseni ya pikipiki. Asiye na leseni apakiwe; kupakiwa si fedheha, na kijana atapata kazi ya siku nzima.

Tano, bei ziandikwe kwa Kiswahili juu ya ubao gatini, za kupakiwa na za kuendesha, bei moja kwa mwananchi na kwa mgeni wa mbali ikiwa kazi ni moja.

Sita, sehemu ndogo ya kila malipo iingie katika mfuko wa ajali, ili anayeumia awe na nauli ya kuvukia na fedha ya kuanzia matibabu kabla jamaa zake hawajachanga.

Mashauri haya hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Yanahitaji daftari, kalamu, ubao mmoja, na watu ishirini wanaoaminiana.

Kwa mfanyakazi wa Mwanza tuna neno la mwisho. Nenda Ukerewe. Nenda na mkeo na wanao, si peke yako. Panda meli kwa zamu, na ukiona imejaa kupita kiasi ushuke usubiri nyingine, hata wakikucheka. Ukifika Nansio usitafute bei ya kumkomoa kijana: yeye ni mfanyakazi kama wewe, na hesabu yake ya jioni ndiyo mshahara wake uliokatwa kabla haujapokewa. Dai kofia, ukinyimwa, tafuta mwingine aliye nayo, ili mwenye kujali apate faida na asiyejali ajifunze kwa mfuko wake. Agiza chakula kwa mama lishe wa kijiji, nunua machungwa barabarani, ulale huko usiku mmoja. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haikusema mgeni apite mbio, akamwachie mwenyeji vumbi na deni.

Kisiwa hiki kilijulikana kwa wasafiri hata kabla Speke hajaufikia ufuko wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akalipa ziwa jina la malkia wake. Na ramani nyingine za zamani za Wazungu ziliandika jina la Ukerewe juu ya ziwa lote. Wageni wamekuja na kwenda tangu hapo, wengine kwa ngalawa, wengine kwa merikebu, na sasa kwa pikipiki. Vyombo vimebadilika. Swali halijabadilika: mgeni akiisha kuondoka, ni nini kilichobaki mkononi mwa mwenyeji? Vijana wa Nansio wanaweza kulijibu wenyewe, nao waanze mwezi huu, kwa kukutana kijiweni mwao jioni moja baada ya kazi na kufungua daftari la kwanza.